Anayesoma mazingira Eldoret asome na haki

Matokeo ya KCSE yakishatoka na watahiniwa wakaanza kuchagua kozi kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, wazazi hapa Eldoret huniuliza: mtoto akichukua mazingira, atasomea nini hasa? Baadhi hudhani ni kupanda miti na kuokota takataka. Wengine hudhani ni kemia tupu, na kwamba asiyeipenda maabara akae mbali. Kazi yangu ni kufundisha somo hili kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na huwajibu kwamba mtoto atajifunza kutambua kilichoharibika, kujua kimemuumiza nani, na kulithibitisha jambo hilo mbele ya wenye uwezo wa kutoa leseni au kuikataa. Kozi inayofundisha sehemu moja na kuziacha nyingine inamdhulumu mwanafunzi, hata ikimpa digrii yenye daraja nzuri.

Elimu ya chuo kikuu katika eneo hili ilianza na miti. Chuo Kikuu cha Moi kiliundwa mwaka 1984, baada ya tume iliyoongozwa na Colin Mackay kutoka Kanada kupendekeza nchi iwe na chuo kikuu cha pili. Wanafunzi wake wa kwanza, 83 kwa idadi, walihamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kampasi ya Moi ya Chepkoilel, ambayo ilianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza wenye mashamba makubwa, ilipata hati yake mwaka 2013 na kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Taaluma ya misitu tuliyorithi kutoka enzi ya ukoloni ilipima mbao: kipenyo cha shina, urefu, mita za ujazo kwa hekta. Ni ujuzi wa maana na bado tunaufundisha. Ila watu walioishi ndani ya msitu hawakuwa na safu yao katika jedwali lile, na wakitajwa walitajwa kama wavamizi.

Mahali pazuri pa kuona kwa nini hilo halitoshi ni Mto Sosiani. Unateremka kutoka upande wa msitu wa Kaptagat, unakatiza katikati ya mji, unapita mitaa kama Huruma, kisha maji yake yanaungana na Mto Kipkaren na baadaye Nzoia hadi Ziwa Victoria. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akivaa gambuti na kushika wavu wenye matundu madogo, anaweza kuusoma mto huu kwa vidole vyake. Anasimama majini, wavu ukiwa upande wa chini ya mkondo, anavuruga mawe kwa miguu, na kila kilichokuwa kimejificha chini ya mawe kinaingia wavuni. Anakimimina katika beseni jeupe. Kwenye maji ya juu, yaliyo baridi na yenye oksijeni tele, huonekana wadudu wachanga wenye mikia mitatu myembamba na vijani vya kupumulia ubavuni, vikipepea bila kukoma. Akishuka chini ya mji na kurudia kazi ile ile, beseni linaweza kujaa vijifunza vyekundu. Wekundu wao ni himoglobini, kama iliyo kwenye damu yetu, na ndiyo inayowawezesha kuishi kwenye tope lisilo na oksijeni ya kutosha. Hakuna mtu aliyewaambia wadudu hawa waseme lolote kuhusu maji taka, lakini orodha yao ni ushahidi unaofaa kabisa kuandikwa.

Baadaye maabara huongeza tarakimu. Maji hufungiwa chupani bila hewa, yanawekwa gizani kwenye nyuzi 20 kwa siku 5, na tofauti ya oksijeni kati ya siku ya kwanza na ya mwisho huonyesha vijidudu vimetumia kiasi gani kuozesha uchafu. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha matumizi hayo ya oksijeni kuwa miligramu 30 kwa lita kwa maji taka yanayoachiliwa katika mazingira. Kufikia hapo mwanafunzi ana wadudu, ana tarakimu, ana kanuni. Wengi huishia hapo, wakaandika kwamba mto umechafuka na serikali ichukue hatua.

Ripoti ya namna hiyo mimi huirudisha. Huuliza: umechafuka kwa nani? Mtaa wa juu una maji ya mfereji, na wa chini unategemea nini bomba likikauka? Nani hufua pale? Nani humwagilia sukuma wiki kwa maji yale, na mboga hizo zinauzwa soko lipi? Waosha magari kando ya mto, ambao ndio wa kwanza kulaumiwa, wanachangia kiasi gani ukilinganisha na mfereji mmoja wa maji taka uliopasuka? Mwanafunzi akiyajibu maswali haya kwa kwenda, kuhoji na kuhesabu, hajaacha sayansi. Ameikamilisha. Mara nyingi hugundua kwamba anayeelekezewa kidole ni yule aliye rahisi kuonekana, na si lazima awe ndiye mwenye hatia kubwa.

Katiba ya 2010 imempa mwanafunzi huyo nguvu ambayo vijana wengi hawaijui wanapoingia chuoni. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, na kinasema wazi kwamba mlalamishi halazimiki kuonyesha kuwa kuna aliyepata hasara au kuumia. Soma tena kifungu hicho. Kijana wa miaka 20 mwenye data nzuri anaweza kusimama mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo hapa Eldoret ina kituo chake, kabla mtu yeyote hajalazwa hospitali.

Mfano wa kutia moyo ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza sumu ya risasi katika makazi ya watu. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi wa hapo walipigania jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Vipimo vya damu na udongo ndivyo vilivyoifanya kesi isimame. Kemia ilihitaji watu wenye uchungu, na watu wenye uchungu walihitaji kemia.

Lakini haki inageuka pia upande wa pili, na hapo ndipo darasa huwa gumu, kwa sababu ni watu wetu wa karibu. Katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, Januari 2014, Wasengwer walifurushwa kutoka msitu wa Embobut na nyumba zao zikachomwa, yote kwa jina la kulinda chanzo cha maji. Januari 2018 Muungano wa Ulaya ulisimamisha ufadhili wake wa mradi wa kuhifadhi vyanzo vya maji baada ya Msengwer mmoja kuuawa kwa risasi. Kwa upande wa msitu wa Mau, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilizivunja haki za Waogiek, jamii ya msitu huo. Serikali ilikuwa imejitetea kwa hoja ya uhifadhi, na mahakama haikuona ushahidi kwamba Waogiek ndio chanzo kikuu cha kuharibika kwa msitu. Juni 2022 ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 na ardhi yao itambuliwe.

Darasani nina watoto wa maafisa wa misitu, nina watoto wa waliofurushwa, na nina wanaotoka mashamba ya chini yanayongoja maji ya milima hiyo. Hapo siwezi kufundisha kana kwamba misitu ni mita za ujazo tu. Wala sitaki waondoke wakiamini kwamba kila anayekata mti ana haki kwa kuwa ni maskini. Nataka wasome hukumu, waone mahakama ilidai ushahidi gani, kisha wajiulize kama wao wangeweza kuuleta.

Sasa, mwanafunzi atafauluje katika kozi pana hivi? Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanahisabati Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walikuwa wakianguka kalkulasi ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walifaulu. Wahadhiri walikuwa na majibu tayari: hawana ari, wametoka shule dhaifu, wazazi hawajali. Treisman akawafuata wanafunzi hadi walikosomea. Akakuta wale walioanguka walikuwa na bidii, ila kila mmoja alisoma peke yake. Wenzao walikutana, wakasahihishana, wakabishana. Walioanguka hakuwapa masomo ya kuwashikia mkono. Aliwapa maswali magumu zaidi wayatatue kwa vikundi, na matokeo yao yakapanda sana.

Naamini hilo ni kweli hapa pia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetoka shule ya kutwa isiyo na maabara hukaa kimya nyuma ya ukumbi wenye mamia ya watu, na muhula ukiisha anatafuta mwakenya, yaani karatasi ya siri ya majibu, wa kumwokoa. Mpeleke mtoni na wenzake watatu, mmoja akiwa fundi wa hesabu, mwingine akijua lugha ya wenyeji, na yeye mwenyewe akiwa amekulia kando ya kijito kama kile, utaona anavyoanza kuongea. Kuandika ripoti nako kufundishwe wazi, aya kwa aya, na mwalimu asome rasimu kabla ya kutoa maksi. Somo la stadi za mawasiliano ambalo kila anayeingia chuo hupitia lingefaa zaidi kama lingemfanya aandike barua kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kuhusu jaa la taka mtaani kwake.

Kuna kikwazo kingine ambacho mbinu za kusoma hazikitatui. Tangu mfumo mpya wa ufadhili utangazwe Mei 2023, wanafunzi hupangwa katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao, na aliyewekwa kundi lisilomfaa huanza muhula akikata rufaa. Huyo huyo akiambiwa alipe nauli ya kwenda Kaptagat kuchukua sampuli, atabaki nyumbani na kuomba data ya mwenzake. Atanakili tarakimu ambazo hakuziona. Kwa hiyo nimejifunza kuchagua maeneo ya kazi ambayo mtu hufika kwa miguu: eneo oevu la Marura liko karibu na Chepkoilel, na Sosiani iko mjini. Uchaguzi huo mdogo wa mwalimu huamua nani atajifunza.

Vijana wa kwanza wa mtaala mpya waliingia sekondari ya juu Januari 2026, wakigawanywa katika mikondo ya sayansi, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Watatufikia mwaka 2029. Nina hofu kwamba kozi za mazingira zitaegemea mkondo wa sayansi peke yake, na aliyesoma historia na uraia afungiwe nje. Idara zina muda wa kuzuia hilo.

Wazazi huniuliza pia kuhusu kazi, na ni haki yao. Zipo katika kaunti, ambazo kwa katiba ndizo zinazoshughulikia taka, na katika tathmini za athari kwa mazingira, ambako mtaalamu husajiliwa na NEMA. Nyingine mpya zinakuja na biashara ya kaboni. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilivyorekebishwa mwaka 2023 inataka mradi wa kaboni unaotumia ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Mwanafunzi anayejua kupima kipenyo cha mti kwenye mita 1.3 kutoka ardhini anaweza kukadiria kaboni iliyo kwenye shamba zima. Wazee wa kijiji watakaomwita awasomee mkataba watamuuliza gharama hizo ni zipi, zimeandikwa na nani, na nani atazikagua. Swali hilo sasa liko kwenye mtihani wangu wa mwaka wa tatu, na lina maksi sawa na hesabu ya kaboni.