Usilale na jiko la makaa

Msimu wa baridi ufikapo, kati ya Juni na Agosti, wengi wetu huingiza jiko la makaa chumbani, tukafunga madirisha na kulala. Msomaji, jihadhari. Huenda wadhani kuwa moshi ukishaisha na makaa kuwa mekundu, hatari imekwisha. La hasha! Makaa hayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunusika. Hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo ubongo na moyo hukosa oksijeni.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Wengi hudhani ni malaria. Lakini watu wa nyumba moja wakiumwa na kichwa kwa pamoja, shuku jiko. Aliyelala huenda asihisi lolote.

Ukiona dalili hizi, tokeni nje nyote, kisha mwende hospitali mara moja na kumweleza daktari kuhusu jiko. Kila usiku, litoe jiko nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaelekea kuzimika. Baridi ikizidi, ongeza blanketi.