Tuandae Riwaya Kabla ya Mwezi wa Kuandika

Mkulima wa Ngara hangoji mvua inyeshe ndipo akatafute jembe. Mvua inapofika, shamba limekwisha kufyekwa na mbegu zimekwisha kuchaguliwa. Mvuvi wa Goziba naye hashoni wavu akiwa katikati ya ziwa. Lakini linapokuja suala la kuandika kitabu, wengi wetu hudhani kwamba kalamu na karatasi zinatosha, na kwamba hadithi itajileta yenyewe. Ndiyo maana madaftari mengi yenye sura ya kwanza hayana sura ya pili.

Mwaka 1999, huko San Francisco nchini Marekani, Chris Baty na wenzake, jumla yao watu 21, walijiwekea sharti la kuandika riwaya katika mwezi mmoja. Walianza mwezi wa Julai. Mwaka 2000 shindano hilo lilihamishiwa Novemba, na baadaye likaenea katika nchi nyingi. Sharti lake lilikuwa maneno 50,000 kwa siku 30. Shirika lililokuwa likilisimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga shughuli zake, lakini sharti lenyewe halihitaji shirika. Lahitaji mtu na daftari lake.

Tupige hesabu. Maneno 50,000 kwa siku 30 ni kama maneno 1,667 kwa siku. Daftari la kawaida, kwa mwandiko wa wastani, huchukua maneno yapatayo 200 katika ukurasa mmoja. Kwa hiyo mwandishi atajaza kurasa nane na ushei kila siku, na mwisho wa mwezi atakuwa na kurasa 250. Kazi hiyo haimshindi mtu anayejua anakokwenda. Humshinda yule ambaye kila jioni huketi akajiuliza: leo niandike nini? Papo kwa papo kamba hukata jiwe, lakini sharti kamba ipite mahali pamoja.

Kwa wananchi wa Ngara na Biharamulo, Novemba ni mwezi wa mvua na jembe. Anayeliacha shamba ili akaandike atakula karatasi. Tunaona afadhali Julai, wakati wa kiangazi, na Juni uwe mwezi wa maandalio. Wenzetu wa visiwani, kuanzia Bumbire hadi Ukerewe na Ukara, wana kalenda nyingine. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa na giza. Mbalamwezi ikikolea, hupumzika. Siku hizo za mapumziko zafaa kwa kuuliza, kupanga na kuandika.

Visiwani humo ndimo ulimotoka mfano ulio bora. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya, ambayo imo katika mkoa huu wa Kagera. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mchapishaji hakupatikana. Mzee huyo akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, yaani miaka 35 tangu alipoimaliza. Mwaka uliofuata alifariki dunia.

Riwaya hiyo ni ndefu, na ndani yake mna kilimo, uvuvi, tiba, pombe na mila za ukwe. Kwa nini basi msomaji hapotei? Kwa sababu tangu mwanzo limewekwa swali moja: mume na mke hawa waliokosa mtoto, je, watampata, na ndoa yao itasimama? Kila jambo lifuatalo limefungwa katika swali hilo kama ng'ombe katika kigingi. Hilo ndilo andalio la kwanza na lililo kubwa kuliko yote. Asiye na swali asianze kuhesabu maneno.

Je, huku Ngara na Biharamulo maswali yapo? Yapo tele. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takriban saa 24. Benaco ikageuka ghafla kuwa kambi kubwa kama mji. Desemba 1996 wengi wao walirejea kwao. Habari hizo zimeandikwa sana na wageni, kwa hesabu za mahema na magunia. Lakini mwenyeji aliyeamka akakuta shamba lake la mihogo limejaa watu wenye njaa, alifanya nini? Aliwafukuza, aliwagawia, au aliwauzia? Na jirani yake alimwonaje kwa uamuzi wake? Hapo pana riwaya. Huko Biharamulo nako, kulikuwa na miaka ambayo mabasi yalisindikizwa na polisi kupita mapori yenye majambazi. Kijana aliyepanda basi akiwa na fedha za mahari mfukoni, na asimwamini abiria wa kiti cha pili, naye ana riwaya yake.

Baada ya swali, mwandishi na achague watu wake, wasizidi wachache, na aandike kwa kila mmoja anataka nini na nani anamzuia. Achore ramani ya kijiji: mto uko wapi, barabara inapita wapi, kuni zilikatwa mlima gani. Apange matukio makubwa kumi au kumi na mawili, na ajue mwisho wake walau kwa mbali. Kisha awaendee wazee awaulize yale asiyoweza kuyabuni: bei ya debe la mahindi, jina la mti kwa Kihangaza au Kisubi, wimbo ulioimbwa msibani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi hii ikiachwa hadi Julai, itakula siku za kuandika.

Hapa ndipo tunapowageukia ndugu zetu watumishi wa serikali. Hatuombi fedha nyingi. Kijana anayezunguka vijijini akiuliza habari za 1994 aweza kushukiwa. Barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kijiji au kata humfungulia milango, na gharama yake ni karatasi moja. Darasa lenye taa lililo wazi saa mbili za jioni katika mwezi wa Julai ni msaada mkubwa kwa asiye na umeme nyumbani. Tena maofisa utamaduni na waalimu wawajulishe wananchi kwamba ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo iliwatunza washindi wake wa kwanza mwaka 2023. Mswada uliokwisha kuandikwa waweza kupelekwa huko. Mswada ulio kichwani hauwezi.

Aliyekuwa na umri wa miaka 40 mwaka 1994 sasa amekwisha kupita 70. Julai hurudi kila mwaka, lakini mashahidi hawarudi. Basi kila mwenye nia na atenge daftari moja kwa ajili ya maandalio, na mtu wa kwanza wa kuulizwa awe yule mzee aliye jirani.