Vinundu Katika Mizizi

  Leo tutashika jembe, twende pamoja shambani, tukatazame jambo ambalo wengi wetu hulipita kila msimu bila kuliona.

Siku moja tulimkuta mama mmoja akipalilia mahindi na maharagwe. Aling'oa shina moja la maharagwe, akatazama mizizi yake, akashtuka. Mizizi ilikuwa na vinundu vidogo vidogo, kama vichwa vya pini. "Huu ni ugonjwa," akasema, akaanza kung'oa na mengine ili usienee. Alikuwa amekwisha kumaliza nusu ya mstari tulipomzuia. Maskini mama! Aliyoyatupa yalikuwa mazima kabisa.

Vinundu vile ni nini? Ni nyumba. Ndani yake hukaa vijidudu viitwavyo bakteria. Katika hewa tunayovuta, sehemu 78 hivi katika kila 100 ni naitrojeni. Kila mmea unaihitaji naitrojeni ili ukue na majani yake yawe ya kijani, lakini hauwezi kuichukua hewani wenyewe. Umesimama katikati ya chakula tele, na njaa inauuma! Bakteria hawa ndio wanaoweza kuigeuza naitrojeni ya hewani ikawa chakula cha mmea. Nayo maharagwe huwalipa kwa sukari inayotengenezwa na majani kwa nguvu za jua. Mambo haya yalianza kueleweka vizuri mwaka 1886, wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walipoonyesha kazi ya vinundu hivyo.

Je, tutajuaje kama vinundu ni vizima? Chimbueni shina moja la maharagwe linapoanza kutoa maua, mpasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu kidogo ndani, kama kina damu, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi kazi. Lakini kama mzizi wenyewe umevimba, na uvimbe haubanduki kwa kidole, hapo ni minyoo ya udongoni. Kwa hiyo hofu ya mama yule haikuwa ya kijinga. Kosa lake lilikuwa kung'oa kabla ya kuuliza.

Na mahindi je? Hayana vinundu, lakini hayakuachwa peke yake. Kuna kuvu wa udongoni wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo huingia katika mizizi, kisha huenea mbali mahali ambapo mizizi haifiki, zikileta maji na fosforasi. Fosforasi haitembei sana udongoni. Lazima ifuatwe ilipo. Kuvu nao hulipwa kwa sukari. Mimea iliyo mingi ina urafiki wa namna hii, ingawa sukuma wiki na kabeji hawamo. Misonobari ilipoletwa Afrika kutoka nchi za mbali, mahali pengi miche yake ilidumaa na kugeuka manjano vitaluni. Dawa yake ilikuwa nini? Ni udongo uliochukuliwa chini ya misonobari iliyokomaa, maana ndani yake mlikuwa na kuvu wake.

Liko jambo moja zaidi. Mkulima akiyamwagia maharagwe mbolea nyingi ya naitrojeni, mmea hupunguza vinundu vyake. Umeshiba, hauwahitaji tena waliokuwa wakiulisha. Hatusemi mbolea ni mbaya, kwa maana mahindi huihitaji sana. Tunasema tu, fedha zisipotee pale ambapo kazi inafanywa bure. Wala tusichome mabaki ya maharagwe baada ya kuvuna. Tuyarudishe shambani yaoze, kwa sababu naitrojeni iliyomo humo itayafaa mahindi ya msimu ujao.

Basi, ndugu zetu, sisi nasi tuna mizizi. Mara ngapi tumemwona mwenzetu kanisani ana jambo tusilolielewa, nasi tukakimbilia kumng'oa? Na tulipofanikiwa, je, tuliwakumbuka waliotulisha siku za njaa? Yuko anayefagia kanisa kabla hatujaamka. Yuko bibi anayewatembelea wagonjwa na hakuna anayemtangaza. Hao hawaonekani juu ya ardhi, lakini Mungu aliyeficha chakula cha mmea ndani ya kinundu kidogo anawaona.

Yule mama hakuweza kuyarudisha maharagwe aliyoyang'oa. Jua lilikuwa limekwisha kuyakausha. Lakini mistari iliyobaki aliiacha, akaipalilia, akaivuna. Sisi nasi tuitunze mistari iliyobaki.