Akitoka Uyui, atalala wapi?

Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na mbakaji akawekewa kifungo kisichopungua miaka 30. Kwa kuwa Sheria ya Magereza ya 1967 humpunguzia mfungwa mwenye tabia njema theluthi moja ya kifungo, waliohukumiwa miaka ile ya mwanzo wamekwisha kuanza kufikia mwisho wa vifungo vyao. Mtu wa namna hiyo akitoka Gereza Kuu la Uyui mjini Tabora, akashuka basi Ziba, wilayani Igunga, anapokewa na nani?

Na nduguze. Hana kwingine.

Katika vijiji vya Wanyamwezi na Wasukuma, ua mmoja huwabeba bibi, wajomba na wajukuu, na watoto huweza kulala chumba kimoja na yeyote aliyekuja. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba mengi ya matukio hayo yalitokea ndani ya nyumba ya mtu, shuleni au njia ya shule. Hatari, basi, imo hata uani.

Ndiyo maana kupima umbali hakusaidii. Mwaka 2005 Miami, Marekani, ilikataza waliotiwa hatiani kwa makosa dhidi ya watoto kuishi chini ya mita 760 hivi kutoka shuleni. Wengi wakakosa nyumba, wakaishia chini ya daraja la Julia Tuttle hadi kambi yao ilipovunjwa mwaka 2010. Jimbo la Minnesota lilichunguza watu 224 waliorudia makosa, likaona kuwa katazo la makazi lisingezuia hata tukio moja. Na huku kwetu, penye shule ya msingi karibu kila kijiji, mita hizo zingemhamishia wapi?

Kumfukuza nako si dawa. Sungusungu, walinzi wa vijiji walioibuka ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa na adhabu ya kumtenga mtu: hasalimiwi, hasaidiwi. Lakini mbakaji aliyetengwa Ziba atahamia kijiji kisichomjua, na huko hakuna atakayewalinda watoto dhidi yake.

Kenya imechukua njia nyingine: kifungu cha 39 cha sheria yake ya makosa ya kujamiiana ya 2006 kinairuhusu mahakama kuagiza mkosaji hatari asimamiwe baada ya kuachiliwa. Tanzania inao watu wa kuifanya kazi hiyo. Afisa ustawi wa jamii aikague kaya kabla mfungwa hajatoka. Penye watoto, atafutiwe chumba kwa ndugu asiye na watoto. Mtendaji wa kijiji na dawati la jinsia la polisi wapewe taarifa mapema. Na wa kwanza kuambiwa, kabla ya hao wote, awe yule aliyetendewa, ambaye huenda bado anaishi kijiji hicho hicho.