Fahamu vyombo sita vinavyomwongoza rubani mawinguni na sababu ya ndege kusubiri Haydom

Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari, huinuka kwa ghafla juu ya tambarare ya Katesh mkoani Manyara. Kwa msafiri wa barabarani, mlima huo ni alama inayoonekana kutoka mbali. Kwa rubani aliyeingia ndani ya wingu, mlima huohuo hauonekani kabisa, na kinachobaki kumlinda ni vyombo vilivyo mbele yake pamoja na mafunzo ya kuvisoma.

Suala hilo linawagusa moja kwa moja wananchi wa Mbulu na Hanang. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, ina kiwanja kidogo cha ndege, na kwa miaka mingi ndege za shirika la Mission Aviation Fellowship zimekuwa zikiwasafirisha wahudumu wa afya na wagonjwa. Ndege inapochelewa kwa sababu ya wingu, ndugu wa mgonjwa huwa na haki ya kujiuliza: ikiwa ndege ina vyombo vya kisasa, kwa nini isiruke?

Mwili hauaminiki mawinguni

Binadamu hutambua kusimama wima kwa kutumia macho, misuli na majimaji yaliyo ndani ya sikio. Ndege ikigeuka polepole kwa muda mrefu, majimaji hayo hutulia, na rubani huhisi kuwa anakwenda moja kwa moja ilhali ndege imelala upande. Akijaribu kuinyoosha, huhisi kana kwamba ndiyo kwanza inaanza kupinda.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwapima watu 20 wasio na uzoefu wa kuruka kwa vyombo, kwa kuwaziba wasione nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178, yaani pungufu ya dakika tatu. Bila shaka, mwalimu aliyekuwa pembeni aliiokoa ndege kila mara.

Vyombo sita vya msingi

Katika ndege ya mafunzo, mwanafunzi hufundishwa kwanza kusoma vyombo sita. Cha kwanza ni kipimamwendo, ambacho hulinganisha msukumo wa hewa inayoingia kwenye mrija ulioelekezwa mbele na shinikizo la hewa tulivu ya nje. Cha pili ni altimita, inayopima kimo kwa kutumia shinikizo la hewa. Cha tatu ni kipimo cha kasi ya kupanda na kushuka.

Vyombo vitatu vilivyobaki hutegemea jairoskopu, gurudumu linalozunguka kwa kasi na kushikilia mwelekeo wake, mfano wa pia ya watoto inayosimama imara wakati ikizunguka. Upeo bandia huonyesha kama pua imeinuka au imeshuka na kama mbawa zimelala. Dira ya jairoskopu huonyesha uelekeo, lakini kwa kuwa hupotoka kidogokidogo, rubani huilinganisha na dira ya sumaku kila baada ya dakika 10 hadi 15. Cha mwisho ni kionyesha mgeuko, chenye kigololi kinachoteleza ndani ya kimrija ndege inapogeuka bila ulinganifu.

Hakuna chombo kinachoaminiwa peke yake. Altimita ikionyesha kimo kinapungua, kipimo cha kushuka nacho kinapaswa kukubaliana nayo, na kipimamwendo kwa kawaida huonyesha kasi ikiongezeka. Chombo kimoja kikipingana na vingine, rubani hujua kuwa kina hitilafu. Kwa sababu hiyo, katika ndege ndogo nyingi za zamani upeo bandia huendeshwa na pampu ya hewa, huku kionyesha mgeuko kikitumia umeme, ili hitilafu moja isiviue vyote viwili. Ndege mpya hukusanya taarifa hizo kwenye kioo kimoja, lakini taarifa zenyewe ni zilezile.

Uwezo huo ulithibitishwa tarehe 24 Septemba, 1929, wakati rubani Jimmy Doolittle wa Marekani alipopaa, kuruka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, akitegemea upeo bandia, dira ya jairoskopu, altimita nyeti na mawimbi ya redio kutoka ardhini.

Altimita na ardhi ya Manyara

Altimita huonyesha kimo kutoka usawa wa bahari, wala si umbali kutoka ardhini. Rubani anayeruka kwa futi 10,000, sawa na takriban mita 3,050, huwa na zaidi ya mita 2,000 za hewa chini yake anapopita juu ya Ziwa Manyara. Akivuka ukingo wa Bonde la Ufa na kufika nyanda za juu za Mbulu, nafasi hiyo hupungua karibu kwa nusu, ingawa mshale wa altimita haujasogea. Akielekea Hanang kwa kimo hichohicho, kilele kitakuwa zaidi ya mita 300 juu yake.

Aidha, altimita hurekebishwa kwa shinikizo la hewa la mahali husika. Kosa la hektopaskali 10 huleta tofauti ya takriban mita 90. Kwa hiyo, taarifa za hali ya hewa ni sehemu ya usalama wa safari, sawa na mafuta.

Kwa nini ndege husubiri

Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga vinamtaka rubani awe na saa zisizopungua 40 za mazoezi ya vyombo kabla ya kuidhinishwa kuruka kwa vyombo. Mwanafunzi huvaa kofia yenye ukingo mrefu inayomzuia kuona nje, kisha mkufunzi huziba chombo kimoja au viwili ili ajifunze kuruka kwa vilivyobaki.

Hata hivyo, vyombo hivyo sita vinamwambia rubani hali ya ndege yake tu. Havimwambii kiwanja kilipo wala mlima ulipo. Viwanja vikubwa kama Kilimanjaro na Julius Nyerere vina mitambo ya redio inayoiongoza ndege hadi karibu na njia ya kutulia. Kutua ndani ya wingu kwa msaada wa setilaiti nako huhitaji njia iliyopimwa na kuidhinishwa kwa kiwanja husika. Katika kiwanja kidogo kama cha Haydom, rubani hulazimika kuiona ardhi kwa macho yake kabla ya kutua.

Hivyo basi, rubani anayesubiri wingu lipande hajashindwa kazi wala hajampuuza mgonjwa. Anajua mpaka wa kile ambacho vyombo vyake vinaweza kumwambia. Wananchi wanaosubiri ndege ya mgonjwa wanashauriwa kuzungumza mapema na wahudumu wa afya kuhusu usafiri mbadala wa barabara, hususan msimu wa mvua, ili wingu lisiamue peke yake hatima ya mgonjwa.