Majonzi ya Msiba Ugenini: Kuyaelewa na Kutafuta Msaada

Kwa kaya nyingi zizungumzazo Kiswahili hapa Xiaobei, habari ya msiba huingia kwa simu. Maiti wa Kiislamu huzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile, hivyo mfiwa aliye Guangzhou huenda akasikia habari ya kifo na ya maziko kwa pamoja, kabla hajakata hata tiketi. Hakubeba jeneza, hakutia udongo kaburini, hakukaa matanga. Waraka huu unaeleza majonzi ni nini na ni wakati gani yanahitaji tiba.

Majonzi ni nini?

Majonzi si ugonjwa, wala si upungufu wa imani. Mtume Muhammad (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Mfiwa aweza kulia, kukosa usingizi, kukasirika, kujilaumu kwa kuwa mbali, au kupigwa na ganzi asiweze kulia kabisa. Majonzi huja kwa mawimbi: leo mtu hufunga mizigo yake sokoni kama kawaida, kesho huzidiwa na kilio. Yote mawili ni sehemu ya kupona.

Jambo gani husaidia?

Nyumbani, matanga humbeba mfiwa: watu hupika, huomba dua na humtaja marehemu. Ugenini inafaa yafanywe kwa kadiri iwezekanavyo:

- Majirani na jamaa waarifiwe, wakutane japo jioni moja kwa hitima, ibada au mazungumzo.
- Mfiwa asimuliwe na walioko nyumbani jinsi maziko yalivyokuwa.
- Mjane aliye katika eda ya miezi 4 na siku 10 apate mtu wa kumsaidia manunuzi na shughuli za nje.

Watoto

Mtoto aambiwe waziwazi kuwa bibi amefariki na kwamba hatarudi. Akiambiwa "amesafiri", naye anamwona baba akisafiri kila mara, atamngoja bibi arudi, au ataingiwa na hofu kila baba anapofunga sanduku.

Ni wakati gani wa kutafuta tiba?

Kwa wengi, uchungu hupungua polepole. Shirika la Afya Duniani linayatambua majonzi ya muda mrefu kuwa maradhi endapo yamepita miezi 6 na kuvuka desturi za jamii ya mfiwa, huku yakimzuia kufanya kazi, kulea au kuishi na watu.

Katika tiba ya majonzi, mfiwa huketi na mtaalamu kwa vikao vya faragha. Husimulia habari ya kifo hadi aweze kuikumbuka bila kuzidiwa, huyarudia taratibu mambo anayoyakwepa, na hupanga upya maisha yake. Lengo si kumsahau marehemu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, tiba ya namna hii, ya vikao 16 hivi, iliwapa nafuu takriban nusu ya wafiwa, ilhali tiba nyingine ya mazungumzo iliwapa nafuu chini ya theluthi.

Wapo waonao haya, wakidhani kumwendea mtaalamu ni kukiri wazimu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Pa kupata msaada Guangzhou

- Simu 12356 ni ya msaada wa kisaikolojia nchini China. Asiyejua Kichina asaidiwe na mtu mzima amwaminiye. Mtoto asifanywe mkalimani wa msiba wa mzazi wake.
- Hospitali ya Ubongo ya Chuo Kikuu cha Tiba cha Guangzhou, wilayani Liwan, imehudumia wagonjwa wa akili tangu 1898. Mgonjwa aende na pasipoti yake.
- Mfiwa akisema anataka kufa au kujidhuru, asiachwe peke yake hata kidogo, na simu 120 ipigwe mara moja.