Kivumbasi cha Tarime Kina Nini Ndani Yake?

Ukiligeuza jani la kivumbasi na kulitazama kwa lenzi ya mkononi, utaona vitone vidogo vinavyong'aa vimetapakaa upande wa chini, kila kimoja kimefunikwa kwa utando mwembamba mno. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Jani likiachwa lilivyo, harufu yake ni hafifu. Mbuzi akilipitia kwa bega, au mtu akilifikicha kwa vidole, utando hupasuka na harufu inapanda puani papo hapo. Mmea haukujisumbua kutengeneza mafuta hayo ili sisi tufurahi. Kwake ni silaha dhidi ya wadudu, ukungu na meno ya wanyama.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zimejaliwa mimea ya namna hii. Kivumbasi huota pembezoni mwa mashamba na nyuma ya nyumba. Kuna Lippia javanica, kichaka chenye majani ya kukwaruza na maua madogo yenye weupe wa maziwa. Kwenye ukanda mkavu wa Serengeti na Masai Mara kuna mleleshwa, wenye majani ya kijivu yanayonukia kafuri, na katika mbuga kuna nyasi za ukoo wa mchaichai ambazo ng'ombe huzikwepa hata njaa ikiuma. Tarime juu kuna ubaridi na mvua ya kutosha; ukiteremka kuelekea Hifadhi ya Serengeti, joto linaongezeka na mvua inapungua. Mteremko huo una maana yake kwa mkemia, na nitaurudia.

Mafuta yanayotoka kwenye majani haya huitwa mafuta tete, kwa sababu hayakai: ukiyadondosha kwenye karatasi, baada ya muda hayaonekani, tofauti na mafuta ya alizeti yanayoacha doa. Namna ya kuyapata haina siri kubwa. Aliyewahi kuona mtambo wa gongo ameshauelewa: chungu, moto, bomba, maji baridi. Majani huchemshwa, mvuke hubeba mafuta, kisha hupozwa na kuwa kimiminika tena, na mafuta huelea juu ya maji. Maabara hutumia chombo cha kioo kinachobeba jina la Mmarekani J. F. Clevenger, aliyekieleza mwaka 1928. Kina kijibomba chenye alama za vipimo, na baada ya saa tatu hivi za kuchemsha unasoma umepata kiasi gani. Mara nyingi ni kidogo cha kukatisha tamaa. Kwa mmea unaotoa asilimia 0.5, kilo mia moja za majani ni nusu kilo ya mafuta, na hapo hujahesabu kuni. Kuni, kwa Tarime yenye watu wengi na miti inayopungua, si jambo la kupuuza.

Kazi ngumu huanza baada ya hapo. Tone moja la mafuta tete linaweza kuwa na kemikali hamsini au mia. Kuzitenganisha hutumika kromatografia ya gesi: mafuta hugeuzwa kuwa mvuke na kusukumwa ndani ya mrija mwembamba kama unywele, wenye urefu wa mita thelathini hivi. Molekuli nyepesi hutangulia, nzito huchelewa. Kila moja ikitoka hupigwa kwa elektroni ikavunjika vipande, na vipande hivyo hulinganishwa na vilivyomo kwenye hazina ya kompyuta. Lakini molekuli nyingi za ukoo mmoja huvunjika kwa namna inayokaribiana, na kompyuta hutoa jina kwa ujasiri hata inapokosea. Ndiyo maana wataalamu makini hupima pia kila kemikali imechelewa kiasi gani ndani ya mrija, kwa kipimo alichokianzisha mkemia Ervin Kováts mwaka 1958. Ripoti isiyo na kipimo hicho mimi huisoma kwa jicho la pembeni.

Kemikali nyingi zinazopatikana ni terpini, zilizojengwa kwa matofali yenye kaboni tano tano. Matofali mawili yanatoa monoterpini, nyepesi na kali puani; matatu yanatoa sesikwiterpini, nzito zaidi, zenye kunukia polepole. Leopold Ruzicka alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1939, na kanuni hiyo ya matofali ni sehemu ya kazi iliyompa jina. Mleleshwa una sineoli, ileile inayonukia kwenye mikaratusi, pamoja na fenkoli. Kivumbasi kina njia nyingine: eugenoli yake si terpini, na ndiyo hiyohiyo iliyojaa kwenye karafuu ya Pemba na Unguja.

Au tuseme, kivumbasi cha baadhi ya mahali. Mwaka 2007 watafiti wa Kenya walichapisha uchambuzi wa Ocimum gratissimum, yaani kivumbasi, kutoka Meru ya huko Kenya, wakakuta eugenoli asilimia 68.8. Mmea huohuo, kwa jina hilohilo la kisayansi, ukichumwa sehemu nyingi za Afrika Magharibi huwa umejaa thimoli, kemikali inayoipa zaatari ukali wake. Lippia javanica ndiyo kigeugeu kupita kiasi: Afrika Kusini wametambua aina tano za mafuta ndani ya spishi hiyo moja, nyingine zikitawaliwa na linalooli, nyingine karvoni, nyingine piperitenoni. Wafamasia wa Muhimbili, Olipa Ngassapa na Deborah Runyoro, wakishirikiana na wenzao wa Ugiriki, waliona umuhimu wa jambo hili mapema. Mwaka 2003 walichapisha ulinganisho wa mafuta ya Lippia javanica kutoka makundi mawili ya hapa Tanzania. Nasaba, udongo, urefu kutoka usawa wa bahari, mvua, hata saa ya kuchuma, vyote vina mkono wake. Kwa hiyo kivumbasi cha milimani Tarime na kile cha karibu na Mugumu, wilayani Serengeti, hakuna wa kukuapia kuwa ni kitu kimoja mpaka vyote viwili vipite kwenye mashine.

Na suala la kilichomo ndani ya jani lina uzito wa kila siku. Wakulima katika sehemu za Afrika Mashariki huchanganya kivumbasi kikavu na nafaka ghalani kufukuza fukusi, na mwaka 1990 Ahmed Hassanali na wenzake wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, walionyesha kuwa kuna kemia halisi nyuma ya desturi hiyo, katika kivumbasi na karafuu pia. Huko Mbita, ng'ambo ya mpaka kando ya Ziwa Victoria, jaribio lililochapishwa mwaka 2002 liliweka mimea hai kwenye vyungu katika vibanda vya majaribio. Ocimum americanum, ndugu wa kivumbasi, ilipunguza mbu wa malaria kwa karibu asilimia 40. Si haba, ila chandarua kisitolewe kitandani.

Upande mwingine wa ripoti ile ya Meru hauwapendezi wauzaji wa chupa za mafuta haya barabarani. Mafuta yale yalikuwa pia na asilimia 13 hivi ya methili-eugenoli, ambayo huwapa panya saratani na ambayo Umoja wa Ulaya umekataza kuongezwa kwenye vyakula kama kionjo. Kafuri nayo, inayotawala mafuta ya Ocimum kilimandscharicum, ndugu mwingine wa kivumbasi, inaweza kumtia mtoto mdogo degedege akiinywa. "Asili" ni neno la tangazo, si kipimo. Chai ya majani machache si sawa na kijiko cha mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye gunia zima.

Kama kuna mmea wa kuanza nao biashara ya mafuta tete mkoani Mara, mimi ningechagua bangi mwitu, Tagetes minuta, ambayo haina undugu na ile bangi inayowapeleka maofisa wa dawa za kulevya Tarime. Ilitoka Amerika Kusini, imevamia mashamba na kingo za barabara, na mafuta yake yenye osimini na tajetoni hununuliwa na watengenezaji wa manukato, kwa masharti, kwa sababu yakipakwa ngozini na jua likawaka huweza kuunguza. Mchumaji lazima ajue wakati: majani hutoa zaidi dihidrotajetoni, maua yakichanua uwiano hubadilika na mnunuzi analalamika. Kuichuma hakuhitaji kugusa kichaka hata kimoja ndani ya hifadhi. Tatizo ni moja tu, nalo ni la kibinadamu: siku gugu likianza kuleta pesa, hakuna atakayeling'oa kabla halijadondosha mbegu.